Mawe ya Msingi ya Nyumba ya Konokono

Si zamani sana, maana posho zilizoliwa katika kisa hiki bado hazijasagika tumboni mwa walaji, palikuwa na nchi iitwayo Jamhuri ya Tulizana. Usiitafute kwenye ramani. Ramani yake ilipelekwa kuchapwa upya miaka sita iliyopita na mpaka leo inasubiri saini.

Nchi hiyo iliwapenda viumbe wake adimu kuliko nchi yoyote duniani, na hizo si sifa za mdomoni tu, zimo kwenye mabango. Kila mwaka fungu la uhifadhi lilisomwa bungeni kabla ya fungu la dawa, naye waziri alilisoma amevaa tai yenye picha ya kiumbe wa mwaka. Kiumbe wa mwaka kilipoanza kisa hiki, na wa miaka mingi iliyofuata, alikuwa konokono.

Si konokono yeyote. Huyu alikuwa mdogo kiasi cha punje ya hindi, gamba lake lina mistari ya kijani, na hakupatikana popote ila kwenye chemchemi ya kijiji kimoja kiitwacho Mchuruziko. Wanawake wa hapo walimjua tangu enzi za bibi zao. Walimwita mlinzi wa ndoo, kwa kuwa maji aliyokaa yeye hunyweka hivyohivyo. Akihama yeye, nawe funga virago. Kisha akaja msomi mmoja kutoka ng'ambo, akamtazama kwa lenzi, akatokwa na machozi, akaandika kitabu. Wahisani wakatuma fedha. Tangu siku hiyo konokono hakupumzika.

Kijijini hapo aliishi mjane mmoja, Bi. Semeni binti Ngulumbi, mama wa miaka hamsini na ushei aliyekuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuamini. Ukimwambia leo Jumatatu, atakuuliza nani kasema. Ugonjwa huo hakuzaliwa nao, aliambukizwa na mbuzi. Mwaka mmoja serikali ilimkabidhi mbuzi wa maziwa mbele ya kamera. Semeni akapiga vigelegele, akampa mbuzi jina, akamtandikia majani. Kesho yake asubuhi gari likarudi kumchukua, kwa sababu mbuzi alikuwa na sherehe kijiji cha pili. Baadaye alisikia kwamba mbuzi huyohuyo alikwisha kukabidhiwa wajane kumi na saba, na kwamba taarifa ya mwaka ilisoma mbuzi kumi na saba, pamoja na watoto wao.

*

Serikali ilipotaka kujua konokono anahitaji nini, wataalamu walikaa siku tisa katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, ili wasiwe mbali na mazingira ya maji, wakatoka na jibu: anahitaji nyumba.

Sasa, katika nchi nzima ya Tulizana, konokono ndiye pekee aliyezaliwa na nyumba yake. Hadaiwi kodi na paa lake halivuji. Lakini nani alimuuliza? Ukazinduliwa Mpango Kabambe wa Taifa wa Kumjengea Konokono Makazi ya Kisasa, yakanunuliwa magari ya kumfuatilia kiumbe ambaye kwa siku nzima hamalizi urefu wa mkeka, na waziri akaja Mchuruziko kuweka jiwe la msingi.

Hapa inabidi mgeni aelezwe. Jiwe la msingi, kwa Watulizana, si jiwe hivihivi. Jengo lenyewe laweza lisijengwe, hilo halimshangazi mtu. Lakini jiwe likishaandikwa jina la kiongozi haliguswi, halisogezwi wala halikaliwi, na kuku akilichafua mwenye kuku anaitwa. Kulihamisha ni miaka mitatu jela. Waziri wa pili alipokuja aliona kuwa akijenga juu ya jiwe la mwenzake atakuwa anampandisha mwenzake chati, kwa hiyo akaja na la kwake. Wa tatu naye vivyo hivyo. Na mawaziri wa uhifadhi nchini humo hawakudumu kuliko papai bivu. Kwa miaka minane chemchemi ikapata mawe kumi na moja, kila moja kubwa kuliko lililolitangulia, na yote yamebanana penye maji, kwa kuwa kila mgeni rasmi alitaka picha yenye maji nyuma yake.

Mawe yalipokuwa mengi, ikaonekana yanahitaji mtumishi. Bi. Semeni akapewa barua ya ajira: Mfutaji Mkuu wa Mawe ya Msingi, Kituo Tarajiwa. Akapewa na kofia, kitambaa, na fulana yenye picha ya konokono wa aina nyingine kabisa. Ulikuwa ndio mshahara pekee kijijini. Aliupokea kwa mkono mmoja, wa pili ukishika kidevu.

"Kufuta vumbi tu, na mwisho wa mwezi nilipwe?" alimwambia jirani yake, Tabu binti Mfaume. "Shoga, hapa pana mbuzi."

*

Jiwe la kumi na moja lilikuwa la Mheshimiwa Jumbe Mkadamu. Lilikuja na winchi. Kwa ukubwa lilikuwa kabati la nguo, na jina lake limechongwa kwa herufi ambazo kipofu angezisoma kwa kusimama karibu. Mpiga picha akazunguka, akatafuta mwanga, akaonyesha kwa kidole: pale.

"Baba, hapo ni jicho la chemchemi," Semeni alisema. "Maji yanatokea hapo."

"Mama, hapo ni jukwaa," akajibiwa.

Aliyejibu alikuwa Bwana Eliuteri Mapunje, Mratibu Mwandamizi wa Konokono wa kanda nzima. Bwana Mapunje alivaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba, alimshuku kila mtu aliyemsalimu mara mbili, na hakuwahi kumgusa konokono maishani mwake. Alimwonea kinyaa.

Jiwe likashushwa juu ya jicho. Makofi yakapigwa. Baada ya miezi miwili Semeni na Tabu walikuwa wamekaa penye mfereji, wameiangalia ndoo.

"Zamani ilijaa kabla hatujamaliza kuulizana habari za asubuhi," alisema Tabu.

"Na sasa?"

"Sasa nimeulizia wagonjwa wote, nimemsengenya mkwe wangu mwanzo mpaka mwisho, nimemwonea huruma, nimemrudia tena. Tazama. Hata nusu."

"Na mkwe wako alivyo na mengi."

"We acha tu."

Semeni akainama kutazama mawe ya ukingoni, ambako zamani konokono walijipanga kama shanga. Akawahesabu. Wanne. Kesho yake wawili. Akavaa kofia yake ya kazi, akashika njia ya kwenda ofisini kwa Bwana Mapunje.

"Jiwe limeziba jicho, mwanangu. Maji yanakauka na konokono wanakwisha."

"Jiwe lipi?"

"La kumi na moja."

Bwana Mapunje aliinuka, akafunga mlango, akafunga dirisha, akateremsha sauti. "Mama, nani kakutuma?"

"Kiu."

"Kiu ya nani?" Akaandika. "Unajua unachosema? Unalishuku jiwe la Mheshimiwa?"

"Mimi nashuku kila kitu, baba. Jiwe lisione nimelionea."

Akatoa fomu ya malalamiko. Fomu ilikuwa na visanduku vya kutia alama: jangili, moto, mifugo, tabianchi. Kisanduku cha jiwe hakikuwepo. Bwana Mapunje akatafakari, kisha akatia alama kwenye tabianchi, kwa sababu kati ya washukiwa wote hiyo ndiyo pekee isiyowahi kuja ofisini kulalamika.

*

Habari ya konokono kupungua ilipofika mji mkuu, serikali haikulala. Ilikwenda semina. Semina ikaazimia kuwa konokono hawapungui bali wanahujumiwa. Zikanunuliwa kamera za kuwalinda, na kwa kuwa kijiji hakikuwa na umeme, kamera zikalindwa na askari. Bata wote wa Mchuruziko wakaandikwa majina kama washukiwa. Vikagawiwa vipeperushi: UKIMWONA JIRANI YAKO ANAMTAZAMA KONOKONO, TOA TAARIFA. Watu wakaanza kutembea wameangalia juu, wakawa wanajikwaa.

Mwishowe ikaundwa tume. Tume ikakaa, ikala, ikauliza swali moja la maana: nani anakuwepo pale chemchemini kila siku, asubuhi na jioni, ameshika kitambaa?

Wakamkuta Semeni jikoni. Mwenyekiti wa tume akafunua chungu, akachota kwa mwiko, akainua. Kilichochotwa kikavutika, kikarefuka, kikakataa kukatika.

"Nini hii?"

"Mlenda, baba."

"Unateleza."

"Ndiyo kazi yake."

"Konokono naye anateleza," alisema mwenyekiti, akawageukia wenzake. Kalamu zote zikaandika. Chungu kikafungwa kwa lakiri, kikapakiwa garini kuwa kielelezo, na Semeni akalala njaa siku hiyo.

Bwana Mapunje, aliyefuatana na tume, akabaki nyuma kumpa onyo lililochapwa. Alhamisi ijayo angekuja waziri mpya, Mheshimiwa Dokta Fulgensi Kitambulio, kuweka jiwe la kumi na mbili, pamoja na wahisani waliotaka kumwona konokono kwa macho yao.

"Siku hiyo, Mama, uonyeshe konokono mmoja aliye hai. Mmoja tu. Ukimwonyesha, umesafishika, na kazi yako unayo. Ukimkosa, tutajua umewamaliza wewe. Kumaliza kiumbe wa taifa ni miaka saba."

"Na jiwe je?"

"Jiwe halina chungu."

Siku tano Semeni na Tabu walimtafuta konokono. Walipekua chini ya kila jani, walilamba vidole na kupapasa kila ufa wa jiwe la kwanza mpaka la kumi. Hapakuwa na kitu. Mfereji ulikuwa umebaki machozi, tone, kimya, tone. Wanawake walianza kwenda kuteka bwawani upande wa ng'ombe, na watoto watatu wakaanza kuharisha.

"Nitafungwa kwa konokono, shoga," Semeni alisema. "Sijawahi hata kumla."

"Ukifungwa nitakuletea mlenda."

"Hebu toka hapa."

*

Alhamisi ikafika na maturubai yake. Bendi ya matarumbeta ikapiga, wahisani wakapewa maji ya chupa, na juu ya lori, limefunikwa pazia la zambarau, likaja jiwe la kumi na mbili. Lile la Mkadamu lilikuwa kabati. Hili lilikuwa chumba.

Mheshimiwa Dokta Kitambulio alisimama, akarekebisha skafu.

"Itifaki imezingatiwa," alianza. "Ndugu wananchi, sitarefusha." Akarefusha. Alisema konokono ni uti wa mgongo wa taifa, na mtaalamu mmoja aliyetaka kumkumbusha kuwa konokono hana uti wa mgongo akakanyagwa mguu. Alisema serikali yake haitavumilia mtu yeyote anayekwenda polepole katika kumhifadhi konokono. Alisema mwaka huu fungu limeongezwa maradufu, na maradufu hiyo imekwishatumika. Kisha akanywa maji, akauliza: "Mshukiwa yuko wapi?"

Semeni akasukumwa mbele, kofia kichwani.

"Konokono wangu wako wapi, Mama?"

Semeni akaitazama hadhara. Akamtazama Bwana Mapunje, ambaye alijificha nyuma ya miwani. Miaka saba ni mingi kwa mtu wa hamsini na ushei. Akasema, "Mheshimiwa, mimi kazi yangu ni kufuta. Muulizeni aliyekalia jicho."

"Nani amekalia jicho?"

Semeni akatoa kitambaa, akalifuta jiwe la kumi na moja taratibu, herufi baada ya herufi, kama mtu anayemwogesha mtoto. Jina likang'aa: MHESHIMIWA JUMBE MKADAMU.

Basi, nchi nzima ilijua kwamba Mkadamu, ingawa aliondolewa, alikuwa bado anakitolea macho kiti alichokalia Kitambulio. Uso wa waziri ukafunguka kama duka.

"Unamaanisha mtangulizi wangu ndiye aliyewaziba konokono pumzi?"

"Mimi sijasema, Mheshimiwa. Nimefuta tu vumbi, jina likaonekana lenyewe."

"Liondolewe!"

Bwana Mapunje akaruka. "Mheshimiwa, sheria. Jiwe la msingi halihamishwi. Miaka mitatu."

Minong'ono ikazuka. Mwanasheria wa wizara akaitwa, akafungua kitabu, akalamba kidole, akageuza kurasa. "Sheria inakataza kulihamisha," alisema hatimaye. "Haikatazi kulikamata."

Jiwe likakamatwa. Likasomewa haki zake, likanyamaza, ikaandikwa kuwa limekataa kutoa maelezo. Jiwe la kumi na mbili likateremshwa kwanza pembeni ili lori lipate nafasi, winchi ikanguruma, na lile kabati la Mkadamu likapaa angani huku askari wawili wamelishika kwa kamba ili lisitoroke. Waziri, kwa kuwa shuku ni kama upele, ikikuwasha sehemu moja utajikuna mwili mzima, akaagiza na yale kumi mengine yakamatwe kwa kula njama. Lori likaenda na kurudi, likaenda na kurudi.

Kisha ardhi ikakohoa. Ikatema tope, ikakohoa tena, maji yakatoka, machafu mwanzo, halafu meupe, halafu ukaona mchanga ukicheza ndani yake. Wanawake walipiga vigelegele ambavyo havikuwemo kwenye ratiba. Ndoo zikatoka zilikotoka. Semeni hakupiga vigelegele. Alimtazama waziri, kwa sababu waziri alikuwa akiyatazama maji, na mpiga picha alikuwa akimwonyesha kidole: pale.

"Pamependeza," alisema Mheshimiwa. "Pamesafishika. Leteni jiwe langu."

Winchi ikageuka kulifuata lile jiwe kubwa kama chumba.

Hapo ndipo Semeni alipotazama chini. Penye tope, kwenye shimo lililoachwa na jiwe la Mkadamu, hatua moja kutoka mguuni pake, kulikuwa na punje ya hindi yenye mistari ya kijani. Na nyingine. Na ya tatu, inatembea. Walikuwa wamejibana humo chini muda wote, penye unyevu wa mwisho.

Mmoja tu, aliambiwa. Mmoja tu, na umesafishika.

Tabu naye akaona. "Shoga! Yule pa..."

Semeni akamfinya paja mpaka neno likarudi tumboni.

"Yule nani?" Bwana Mapunje aligeuka na miwani yake.

"Yule mume wangu marehemu," Tabu akalia kwa sauti. "Laiti angekuwa hai akamwona Mheshimiwa! Alikuwa anapenda viongozi, jamani!" Waziri akampa pole.

Semeni akasogeza mguu mmoja, akakunjua kitenge chake kikawafunika, akapiga magoti kama anayeomba radhi. "Mheshimiwa, jiwe lako ni la nyumba ya nani?"

"Ya konokono. Nani asiyejua?"

"Konokono hawapo. Nimetafuta siku tano, hata gamba. Wamekwisha. Mimi ni mtu wa kijijini, sina elimu, lakini kwetu jiwe lenye jina, likiwekwa kwa ajili ya aliyekwisha kufa, huwa ni jiwe la kaburi. Na jina linalosomeka juu yake ni la marehemu."

Winchi ikasimama angani. Mheshimiwa Dokta Kitambulio akaangalia jina lake lilivyochongwa, urefu wa mkono kila herufi, likining'inia. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Una hakika hawapo? Fikiri vizuri, Mama. Ukimwonyesha mmoja, unakwenda nyumbani."

Chini ya kitenge kitu kibichi kilikuwa kinampanda kidole gumba cha mguu, polepole, kama mtumishi wa umma.

"Hakuna hata mmoja," alisema Semeni.

*

Jiwe la kumi na mbili lilirudi mji mkuu na pazia lake. Semeni akavuliwa kofia papo hapo, fulana akaombwa aivue nyumbani, na akafunguliwa mashtaka ya kumaliza kiumbe wa taifa, akiwa mshtakiwa wa pili. Mshtakiwa wa kwanza ni jiwe la Mkadamu. Kila mwezi Semeni hutembea saa nne kwenda mahakamani, na kila mwezi hakimu huliuliza jiwe kama linakiri kosa, jiwe hukaa kimya, mwendesha mashtaka husimama na kusema upelelezi haujakamilika. Chungu kiko palepale mezani, hakuna anayethubutu kukisogelea.

Serikali ikamtangaza konokono kuwa ametoweka duniani. Bendera zikapepea nusu mlingoti siku tatu. Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Maombolezo, nayo ikapewa fungu ambalo konokono, alipokuwa hai, hakuwahi kuliota. Ikapewa ofisi, vitambaa vyeusi, na safari za kwenda nchi za nje kupokea rambirambi. Mchuruziko hakufika mtu tena. Marehemu hatembelewi na wageni rasmi.

Ukapita mwaka. Siku moja, jua la saa saba, gari jipya likasimama chemchemini, akashuka Bwana Mapunje peke yake. Alikuwa sasa Katibu wa Kamati ya Maombolezo. Akazunguka, akayatazama maji yanavyotiririka, akatazama wanawake walivyoinamia ndoo zao ghafla wote kwa pamoja.

"Maji yamerudi," alisema.

"Mungu mkubwa," alisema Semeni.

"Na konokono?"

"Si mlimlilia wenyewe?"

Bwana Mapunje akavua miwani. Macho yake yalikuwa madogo, yamechoka. "Naomba maji, Mama."

Semeni hakumwamini, lakini mwenye kiu hanyimwi. Akachota kwa kata, akampa. Bwana Mapunje akaipeleka mdomoni, akasita. Ndani ya kata, juu kidogo ya maji, palikuwa na kitu kidogo chenye mistari ya kijani, kimejishikiza. Tabu akaacha kukamua nguo. Semeni akaanza kuhesabu kimya kimya miaka saba ina Ramadhani ngapi.

Bwana Mapunje akakitazama kile kitu kwa muda mrefu. Akaligeukia gari lake jipya, ambalo mlangoni liliandikwa KAMATI YA TAIFA YA MAOMBOLEZO. Kisha akarudisha macho ndani ya kata.

"Mama Semeni," alisema, "maji yako yameingia jani."

"Hayo majani, baba," Semeni akajibu, bila kupepesa. "Yanaanguka sana msimu huu."

Bwana Mapunje akanywa upande wa pili wa kata, akamaliza, akairudisha kwa mikono miwili kwa adabu. Nalo jani likachomoza pembe zake mbili, likazungusha kichwa kumtazama, likaanza kupanda ukingo.